Maharage ya Beseni Moja

Kiatu changu cha kwanza kilikwenda na maji ya mto Ruhwa. Kimoja tu. Cha pili nilirudi nacho mkononi, na baba alicheka mpaka akakohoa, akasema sasa utafute muntu wa mguu mmoja umuuzie. Siku hiyo nilikuwa nimemfuata mama sokoni kununua mbegu za maharage. Kikombe kwa mwanamke huyu, kikombe kwa yule, hata siku moja hakununua vikombe viwili kwa mtu mmoja. Mekundu, meusi, ya manjano, yenye madoa kama yai la kware, yote ndani ya kitenge kimoja. Kwetu ndivyo maharage yanavyopandwa. Mvua ikiua haya, yale yatabaki, na sufuria haitalala tupu. Aliyepanda rangi moja tulimwona kama aliyejenga nyumba ya ukuta mmoja.

Shule nilisoma miaka miwili, sitaki kudanganya. Baadaye niliuza mawese Kamembe, nikavunja mawe, hayo yaache. Uzee ulinikuta Nzahaha, nalinda shamba la chuo kikuu. Wanafunzi wa kilimo na maliasili walikuja na buti mpya na kamba za kupimia, wakakigawa kilima miraba miraba. Waliniita Mzee, mimi nikawaita batoto ya buti.

Mmoja wao, msichana wa Mibirizi, alikuwa mwaka wa mwisho. Kitabu chake cha kumalizia chuo, wanakiita memwari, kilikuwa juu ya aina nne za maharage: kila aina na mraba wake, ili aone ni ipi mizizi yake haiozi kwenye udongo unaotuamisha maji. Mama yake alikuwa amemwambia wazi, huu ndio msimu wa mwisho, ukishindwa rudi nyumbani ulime kama sisi. Alinieleza hayo akicheka, lakini macho hayakucheka.

Siku ya kupanda akashikwa na homa. Akanipigia simu: "Mzee, mvua inakuja, unipandie. Mifuko ine, miraba ine."

Nikasema ndiyo, mtoto wangu. Na nilikuwa nimesikia, masikio yangu hayana kasoro. Lakini nilipokaa na beseni, mkono ulifungua mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, ukavuruga. Tangu utotoni mkono huu unafanya hivyo, haukuniuliza. Nilipanda miraba yote kwa mistari iliyonyooka, nikaenda nyumbani nimefurahi.

Maua ndiyo yaliyonisema. Msichana alirudi baada ya homa na mitihani, akakuta meupe na ya zambarau ndani ya mraba mmoja.

"Mzee, ulifanya nini hapa?"

"Niliweka zote mu beseni moja."

"Zote?"

"Zote."

Akakaa chini kwenye tope. "Maman yangu angekupenda sana," akasema, kisha akalia.

Mwalimu wake alifika kesho yake. Si mtu mbaya, subira tu ndiyo hana. Akasema, "Ng'oeni. Tutasema mbuzi za jirani zilikula, nami nimpe vipimo vya shamba lingine aandike."

Jirani huyo ni mjane mwenye mbuzi wawili wa kizizini, wanaoletewa majani mdomoni kama bibi harusi. Na huku, mbuzi akisemwa amezurura, mwenyewe ndiye anayelipa faini.

"Mimi sitasema hivyo," nikamwambia. "Mbuzi za ule maman hazijakanyaga huku."

"Unataka huyu mtoto arudi kwao?"

"Muulize yeye."

Msichana akafuta uso. "Nitaandika yaliyo hapa, Profesa. Mchanganyiko. Nitazitambua kwa maua na mbegu, nihesabu ipi imesimama na ipi imelala."

Mwalimu akazunguka miraba. Kule chini maji yalikuwa yametuama, mashina mengi yamelala, mengine yamesimama katikati yao. Akang'oa moja lililosimama, akaukuta mzizi wake mzima.

"Sawa, nitasaini abadilishe kichwa cha memwari. Lakini kosa lazima liwe na mwenyewe. Kesho naleta darasa lote. Mzee atasema mbele yao alikosea kwa sababu hakusoma, na kilimo hakijui."

Walipokuja nikamwambia mwalimu, saini kwanza. Akacheka, akasaini juu ya goti. Msichana akaikunja karatasi, akaitia mfukoni na kufunga kifungo.

"Batoto," nikasema, "huyu dada yenu hana kosa. Alinituma vizuri. Kuchanganya nilichanganya mimi, na mbele yake naona haya."

"Na ile ingine, Mzee," akasema mwalimu.

"Ingine gani?"

"Useme kama kilimo haukijui."

Mmoja akaita kutoka nyuma, "Sema tu, Mzee, tuende kula!" Wakacheka, na mimi nikacheka.

"Nakula maharage ya jembe langu tangu niko na meno yote, na leo yamebaki matatu. Kama kilimo sikijui, nani alinilimia?"

Mwalimu akatia kalamu mfukoni.

"Uko na kichwa nguvu," akasema mwalimu. "Nitatafuta mlinzi mwingine."

"Tafuta."

Nikaegemeza jembe la chuo kwenye kibanda, nikamkabidhi ufunguo. Nikapita kati ya miraba polepole, nisikanyage ua, nikashika njia ya chini. Msichana aliita, "Papa!" kama mtu anavyomwita baba yake. Nikainua mkono, nikaendelea. Shamba lile sijalikanyaga tena.