Ngazi Iliyomdondoka Daktari

Mafundi wa umeme walimpachika jina la Daktari, kwa sababu kazi yake ilikuwa kugongagonga ngazi kwa mpini wa bisibisi na kutega sikio, kama anayepima kifua cha mgonjwa. Kwa miaka ishirini na miwili mama huyu alitunza ngazi za karakana, na katika miaka hiyo hakuna fundi aliyevunjikiwa na ngazi. Wala hakuna aliyemwambia ahsante. Nani anashukuru kwa jambo ambalo halikutokea?

Ngazi zenyewe zilikuwa za faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na gundi ngumu, maana chuma na alumini hupitisha umeme. Faibaglasi ina uvumilivu wa ajabu. Iangushe kutoka kwenye lori, igongeshe ukingo wa barabara, inapinda kidogo na kurudi ilivyokuwa. Hapo ndipo inapowadanganya watu. Alumini ikigongwa inabonyea, kila mwenye macho anaona. Hii inabaki na kidoa cheupe cha ukubwa wa ukucha, basi, na huko ndani tabaka zimeanza kuachana. Pigo moja haliiui. Ni mapigo madogo ishirini, hakuna hata moja la kumshtua mtu, halafu siku moja mguu unakatika fundi akiwa juu ya nguzo.

Kwa hiyo kila kidoa alikizungushia duara la wino mweusi, akaandika tarehe, na kwenye daftari jina la aliyeiangusha. Hilo la jina ndilo lililowafanya mafundi wawe waongo. "Haijaguswa, Dakta, haki ya Mungu!" walikuwa wakisema, na ngazi ina tope mpaka kileleni.

Ijumaa jioni, wote wakiwa wamekwenda zao, alikuwa anairudisha ngazi namba tisa mahali pake. Bega lake la kulia lilikuwa bovu tangu mwaka uliopita, na alikuwa akilificha. Bega likagoma, ngazi ikadondoka kwenye ukingo wa saruji, pale pale penye maduara mengi ya zamani. Aliigonga. Sauti ilikuwa butu, imekufa. Akashika kalamu, akakumbuka kuwa kwenye daftari jina lingekuwa lake. Mtunza ngazi asiyeweza kubeba ngazi, anatunza nini? Akajiambia ataandika Jumatatu, akaitundika, akaenda nyumbani.

Jumatatu alizikuta ngazi zote arobaini zinang'aa njano. Bosi alikuwa akitarajia wageni kutoka makao makuu, akaona azipake rangi mwisho wa juma. Maduara, tarehe na namba vyote vilikuwa vimefunikwa. Tena ngazi zilikwisha fungwa kwenye malori, na injini zinanguruma.

"Shemeji!" aliita mume wa mdogo wake kutoka dirishani mwa lori. Namba tisa ilikuwa ngazi yake. "Umewaona wagonjwa wako? Leo wamevaa za harusini!"

"Shusheni zote," alisema Daktari.

Bosi alikuja mbiombio. "Mama, wageni wanafika saa nne. Kuna nini?"

"Kuna moja mbovu."

"Ipi?"

"Siijui. Mmefuta namba."

"Na nani kaiangusha?" Bosi aliwageukia mafundi, uso umemwiva. Kila mmoja akatazama viatu vyake, maana kila mmoja alikuwa na yake anayoikumbuka.

Daktari angeweza kunyamaza, wakagombezwa wao. Lakini alikuwa amechoka. Amechoka kubeba, amechoka kugonga, amechoka kuwahoji watu wazima kama watoto walioiba sukari.

"Mimi," alisema. "Namba tisa imenidondoka Ijumaa. Bega hili halibebi kitu tangu mwaka jana, na nimekuficha."

Injini zikazimwa, moja baada ya nyingine. Shemeji akaruka chini, akawa anamletea ngazi naye anagonga. Ya kumi na moja ilijibu kwa sauti butu. Akarudia mara tatu asije akakosea, kisha akaomba msumeno, kwa kuwa ngazi mbovu hukatwa mtu asije akaiokota. Shemeji ndiye aliyekata. Pale penye rangi nzuri ya njano, ndani tabaka zilikuwa zimeachana kama kurasa za daftari lililoloa. Alichomeka kucha katikati, akaikuta nafasi. Hakutania.

"Leo nilikuwa na nguzo nne za kupanda," alisema.

Bosi aliangalia saa, akaiangalia ngazi. "Mama, kesho uende hospitali na hilo bega. Daftari na funguo muachie shemeji yako." Hakusema mpaka lini.

Mwaka mzima Daktari alikuwa ameiogopa saa hii. Alidhani ataona aibu, au hasira. Alipozitoa funguo alijisikia mwepesi, akauonea haya wepesi huo, na machozi yakamtoka mbele za watu.

"Usilie, Shemeji. Utapona, utarudi."

"Nani kakwambia nataka kurudi?" Alijifuta uso kwa mkono mzima, akampa bisibisi. "Zimebaki ishirini na tisa. Gonga, mimi nisikilize."