Shavu la Loth

Kijiji kizima cha Maore, huku Upareni, kilikuwa kikiwacheka, na wenye kucheka hawakukosa sababu. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wanakutana kila Jumapili baada ya ibada kwenye ghala tupu la singa za mkonge, wanagonga mawe. Hawajengi. Hawapondi kokoto za kuuza. Wanachonga njiwa, ng'ombe na vichwa vya watu, kisha wanavipanga ukutani na kuvitazama kama wanaotazama sinema.

Miaka yenyewe ni ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yalikuwa yamejaa sabuni na mitumba baada ya kukaa matupu muda mrefu, ila sasa mifuko ya watu ndiyo ilikuwa mitupu. Shamba la mkonge lilikuwa limefungwa, likimsubiri mnunuzi ambaye kila mtu alisikia yuko njiani na hakuna aliyemwona. Mzee Majaliwa, Muha aliyeletwa kutoka Kigoma akiwa kijana, alikuwa mwashi wa shamba hilo. Kazi ilipokwisha akabaki na nyundo na tindo zake, na nauli ya kumrudisha kwao hana. Akaanza kuchonga mawe laini ya mtoni ili mikono isimsahau. Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza, wala hakuna aliyemtuma.

Ernesta, ambaye kila mtu alimwita Mama Loth, alifika pale na beseni la ndizi za kuuza. Hakuna aliyenunua. Majaliwa akamwekea tindo mkononi.

"Shika tu, mama. Kushika ni bure."

Alishika, na hakuiachia tena. Alikuwa mjane, kaolewa kutoka Bombo juu milimani, na tangu mumewe afariki hakuwa na mahali pa kwenda ambapo hakuna mtu wa kumpa pole. Ghalani walimpa kazi badala ya pole. Alipenda hapo, na aliwapenda watu wake kuliko alivyowahi kuwaambia.

Upareni kazi ya wote huitwa msaragambo. Mfereji ukiziba, baragumu hulia, na kila nyumba hutoa mtu. Wagonga mawe wakauleta msaragambo ghalani. Ukikwama hukuelezwa kwa mdomo. Mwenzio alichukua tindo na kuchonga palepale kwenye jiwe lako, nawe ukautazama mkono wake. Kumzuia mtu aliyekwisha shika tindo ilikuwa aibu, sawasawa na kumfukuza jirani aliyekuja kukulimia. "Penye wengi hapaharibiki neno," alikuwa akisema Mwalimu Aminieli, mwalimu mstaafu aliyefundisha pia shule ya Jumapili kwa miaka mingi. Na kwa kweli halikuharibika. Kwa njia hiyo Ernesta alijifunza kufanya bawa la njiwa likae kama bawa, na Doris, wifi yake, akachonga ng'ombe ambaye hata wafugaji wa Kimasai waliopita walisimama kumtazama.

Kisha Loth akafa.

Alikuwa mtoto pekee wa Ernesta. Alikwenda Mererani kwenye machimbo ya tanzanaiti kama vijana wengine, akawa mwanaapolo, maana ndivyo wachimbaji wadogo walivyojiita, na shimo likawaangukia. Mwenzake mmoja ndiye aliyeleta habari. Mwili haukupatikana. Picha pia haikuwapo. Moja iliyokuwapo, ya kumaliza shule, Loth aliondoka nayo, ikazikwa pamoja naye. Matanga yakakaliwa na kwisha, watu wakarudi mashambani kwao, na kwenye migomba ya Ernesta, pale alipolala mumewe, pakabaki nafasi isiyo na kaburi. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kifo chenyewe. Mtu wa kwetu hulala kwao. Huyu hakuwa na pa kulala, na mama yake hakuwa na pa kuweka ua.

Akasema moyoni: nitamchonga. Nitamweka pale kwenye migomba, uso wake uwepo.

Majaliwa alimpa jiwe bora alilokuwa nalo, la kijivu, lisilo na ufa, ambalo alikuwa amelihifadhi kwa kazi ambayo mwenyewe hakuijua. Ernesta akalipeleka nyumbani. Alichonga peke yake uani, mahindi yakimsubiri shambani na magugu yakifurahi. Paji la uso lilitoka. Macho yakatoka. Shavu lake, lile nene kidogo ambalo alikuwa akilifinya tangu Loth akinyonya, likatoka lenyewe, kana kwamba lilikuwa mle ndani likingoja. Ernesta aliweka nyundo chini akalia vizuri, kilio cha kupumzika. Mdomo tu ndio uliomshinda. Kila akiugusa, ulikuwa mdomo wa mtu mwingine.

Basi akafanya ambalo kila mmoja wao angelifanya. Alilivika jiwe khanga, akalibeba kichwani, akalipeleka ghalani.

Walipoliona waliweka nyundo chini. Doris aliweka mkono kifuani.

"Ni yeye," alisema Majaliwa.

Laiti wangeishia hapo. Lakini Mwalimu Aminieli alikuwa amezunguka upande wa pili, kichwa amekiinamisha, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari.

"Shavu, Mama Loth. Umelinenepesha. Mimi nilimfundisha huyu kijana, alikuwa mwembamba hapa."

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Ernesta, kana kwamba ndiyo kwanza amemwona.

"Marahaba. Ngoja nikuonyeshe."

Akashika tindo. Ernesta aliona tindo ikigusa shavu, na mkono wake mwenyewe ukainuka kidogo, kisha ukashuka. Angesemaje? Mwalimu huyuhuyu ndiye aliyetembea hadi Same mjini kumtafutia habari za mwanawe. Unga mweupe wa jiwe ulimwagika kwenye magoti ya Ernesta, na lile shavu likaondoka.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya Doris. Doris alikuwa shangazi wa Loth, na shangazi kwetu ana sauti.

"Pua hiyo ni ya kwenu Bombo, wifi. Loth alikuwa na pua ya kwetu. Kila mtu alisema."

"Mbona mimi sikuwahi..."

"Wewe ni mama yake. Mama haoni."

Akaipunguza pua. Pua ilipopungua macho yakaonekana yametokeza, ikabidi yarudishwe ndani. Majaliwa alimkumbuka kijana mrefu aliyekuja kumuaga akiwa na begi begani, kidevu kimechongoka, naye akakichonga. Mwalimu akarudi kwenye shavu, kwa kuwa sasa halikulingana na kidevu. Kila mmoja alikuwa anampenda Loth. Kila mmoja alikuwa na Loth wake, na kila mmoja alimtafuta humo kwa mkono wa huruma. Udongo ungeliongezwa. Jiwe haliongezwi.

Wapo watakaosema manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa hukuwapo, hukuona watu watatu wakitoka jasho juu ya mtoto wa mwenzao, na yule mama ameketi katikati anasema asante. Asante, Mwalimu. Asante, wifi. Nyumbani alikuwa hali chakula. Alikuwa analala akiwa amejipanga kuwaambia, na Jumapili ikifika anawakuta wamekwisha fagia mahali pake, wamemtandikia gunia, naye anaketi tu.

Kilipobaki kichwa cha ukubwa wa chungwa, kisicho na upande wa kushika tindo, waliacha wenyewe. Majaliwa alilipapasa jiwe kwa kidole gumba, akalirudisha chini.

"Tumemmaliza," alisema.

Alikuwa mzee, lakini alipanda kuelekea Gonja hadi mtoni, akarudi amebeba jiwe lingine. Halikuwa zuri kama la kwanza, ila lilifaa. Jumapili ile walikaa mbali na Ernesta, migongo ukutani, mikono mapajani.

"Chonga mwenyewe, Mama Loth," alisema Mwalimu. "Hatugusi. Tumekosa sana."

Ernesta alichukua kipande cha mkaa ili achore kwanza. Akafumba macho kumtafuta mwanawe, kama alivyokuwa akifanya uani. Likaja shavu jembamba la Mwalimu. Ikaja pua ya Doris. Kikaja kidevu cha Majaliwa, kimechongoka, chini ya begi. Alivisukuma kando kimoja kimoja, akatafuta nyuma yake lile shavu la kufinywa, akatafuta tena, mkaa ukilowa jasho mkononi mwake. Hapakuwa na kitu nyuma.

Kisha akafumbua macho, akawageukia.

"Nisaidieni," alisema. "Alikuwaje?"

Doris alijifunika uso kwa khanga. Mwalimu akatazama sakafu. Kila mmoja wao alikuwa na jibu, na hakuna aliyethubutu kulitoa.