Mwiko wa Gari

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni nikichagua viazi, simu ikalia. Ni binti yangu. "Mum, kuja kwa Guka haraka. Watu wa skrepu wanakuja leo, na niko karibu kuiwasha!" Guka ni baba yangu, ndivyo wajukuu wanavyomwita. Na cha kuwashwa, kabla hakijauzwa kama chuma chakavu, ni gari lake kuukuu, lililokaa nyuma ya nyumba pale mtaani West Indies mpaka kuku wakawa wanataga kwenye kiti. Niliviacha viazi hapo hapo. Nilipofungua geti, harufu ya petroli ikanipokea, na haki nakwambia, nikarudi kuwa mtoto wa shule ya msingi.

Wewe kama ulikulia huku Eldoret, unazijua Jumapili zetu. Kanisa, chai ya maziwa, mahindi ya kuchemsha, na baridi ya kung'ata masikio. Kwetu kulikuwa na ibada ya pili, ya boneti. Baba na jirani yetu, Mwalimu, walivua suti, wakavaa ovaroli, wakaingia chini ya gari. Baba alikuwa amelinunua likiwa mzoga. Wakalitoboa boneti, wakalifunga kabureta mbili, wakaliinua nyuma kama jogoo anayetafuta vita. Watu wa mtaa wa Munyaka walidai ekzosi yetu iliwaamsha watoto wao. Mwalimu alikuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa, na hakuna aliyeonja kabla injini haijanguruma.

Mama hakulipenda gari hilo, na sababu ilikuwa mwiko. Baba alikuwa na msemo wake: "Injini haisomwi, inasikizwa." Na kuisikiza alitumia mwiko wa ugali, ncha moja juu ya injini, nyingine sikioni. Aliyetumwa jikoni kuuiba ni mimi. Jioni moja tukapata wageni wa kanisa. Mzee wa kanisa akamega ugali, akatafuna, akaacha kutafuna, kisha akauliza kwa heshima zote kama unga huu tuliununua karibu na petroli steshen. Jamani! Mama alitabasamu mpaka wageni wakatoka. Ndipo akatugeukia: "Mwiko kuingia kwa injini ni mwiko! Mmenisikia?"

Tulisikia. Lakini siku iliyofuata alirudi kutoka sokoni na mwiko mpya. Akautoboa kwa msumari uliochomwa motoni, akautia kamba nyekundu, akautundika ukutani pale gari lilipokaa. "Huo ni wenu," alisema. "Wa jikoni ukinukia petroli tena, mtakula hiyo injini." Mama alipenda watu hivyo, kwa kugomba kwanza.

Kuna siku mvua ya mawe iliyapiga mabati hata hatukusikizana. Mwalimu akaashiria waache kazi. Baba akauchukua mwiko, akauuma kwa meno, ncha ya pili akaiweka juu ya injini, akafumba macho. "Meno hayasikii mvua," alituambia baadaye, nasi tukamcheka mbavu zikauma. Mvua ilipokatika walilipeleka gari mpaka Cheptiret, mimi katikati yao, na nilirudi na matope hadi kwenye nywele, nikiimba.

Mwalimu tulimzika. Mama pia. Halafu masikio ya Baba yakaanza kuondoka polepole, naye akawa anaitikia kila kitu kwa kichwa ili tusijue. Siku moja nilimkuta ndani ya gari, anazungusha ufunguo tena na tena, anatukana betri. Kumbe injini ilikuwa inanguruma. Aliponiona uso akaelewa. Akazima, akafunga boneti, na hakuifungua tena. Mwaka huu akawaita watu wa skrepu.

Binti yangu ndiye aliyemsimamisha. Huyu ni wa magari ya siku hizi. Baba na Mwalimu waliinua gari, yeye na wenzake wanalishusha mpaka likifika kwa matuta linaomba msamaha. Injini wanairekebisha kwa laptop, kucha zimepakwa rangi. "Guka, nipe hii gari mpaka siku ya skrepu," alimwandikia kwenye simu. "Ikiwaka na usiipende, waende nayo." Baba akakubali. Kabureta zikatoka, waya zikaingia. Baba akanuna: "Umeitoa moyo, umeiwekea simu."

Basi nilipofika, lori la skrepu lilikuwa limeshaegeshwa nje. Binti yangu akawasha. Nilisikia mngurumo, nikapiga makofi. Baba alisimama tu. Binti akamgeuzia laptop: "Ona, Guka, iko poa!" Hakuitazama.

"Mama," akamwambia mjukuu wake, "mimi sisikii. Hata ungeniwekea ya ndege, sisikii tena. Wacha waende nayo."

Hakuwahi kulisema neno hilo mbele yetu. Nililia pale pale, sikuona haya. Nikainua macho ukutani, na mwiko ulikuwepo, kamba imepauka. Nikautungua nikampa. Baba akapitisha kidole kwenye tundu alilotoboa Mama. Kisha akainama, ncha moja akaiweka juu ya injini, nyingine akaiuma.

Mabega yakamshuka. Macho yakafumba. "Iko," akasema, mwiko ungali mdomoni, mate yakimtiririka. "Iko hai!"

Akaufuta kwa shati, akamnyooshea binti yangu. "Kuja, uma nawe."

"Guka, si hiyo iko na oil!" akasema, akiionyesha ncha kwa kidole na kukunja pua.

"Na mate yangu pia. Uma."

Akauma. "Woi! Inakuja mpaka kwa kichwa!"

Dereva wa lori akapiga honi. Baba hakuisikia, nasi tukacheka hadi nikashikilia geti nikienda kumwambia dereva arudi alikotoka.

Sitakudanganya, rafiki yangu. Jumapili zile hazirudi. Hakuna mursik ya Mwalimu, na ekzosi hii mpya haiwezi kuamsha mtoto wa mtu. Nawakosa wote. Lakini siku hizi baada ya kanisa vijana wanakuja na laptop zao, na kabla ya kuondoka kila mmoja anataka kuuma mwiko. Baba anawapanga foleni. Wiki iliyopita nilinunua mwingine sokoni, nikauchoma tundu kwa msumari, nikautia kamba nyekundu. Nilipoutundika kando ya ule wa Mama, nikajisikia nikigomba: "Huo ni wenu. Wa jikoni ukinukia petroli, mtakula hiyo injini!"