Moyo wa Bi Kola Ukutani

Bi Kola aliichukia ile saa kabla hata haijafungwa mkononi mwake. Ililetwa Jumatatu, kila mfanyakazi na yake, ndani ya kiboksi cheupe, pamoja na karatasi ya maelezo ambayo hakuna aliyejisumbua kuisoma. Kamba ya mpira mweusi, uso mdogo kama kifungo cha koti, na upande wa chini kijitaa cha kijani kinachomulika ngozi mchana kutwa. Waliambiwa kazi yake ni kuhesabu hatua, kupima usingizi na kusoma mapigo ya moyo. Haikufika saa nne asubuhi wafanyakazi wa kile kiwanda cha kufulia walikuwa wameshaipa jina lao: pingu.

Kiwanda kilifua shuka za hospitali na hoteli, makoti ya madaktari na mashati ya watu wasiotaka kujifulia. Kulikuwa na chumba cha kufulia ambacho sakafu yake haikukauka mwaka mzima, chumba cha kukaushia, chumba cha pasi, na huko nyuma, ng'ambo ya ua, chumba cha kukunjia. Bi Kola alikuwa wa chumba cha pasi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Jina hilo alipewa kwa ajili ya kola za mashati. Wengine walipiga pasi kola ikalala. Yeye akiigusa, ilisimama wima hadi mwenye shati aivue jioni. Alijua kwa pua tu kwamba kitambaa kimebakiza sekunde mbili kiungue. Mle ndani joto lilikuwa la kukausha mate, na hakuwahi kulilalamikia. Nyumbani alikuwa mke wa mtu na mama wa watu, sokoni alikuwa mteja msumbufu. Mbele ya mashine yake ya mvuke, mguu kwenye kanyagio na mkono kwenye mpini, alikuwa fundi, na hapo ndipo alipojiona mtu kamili.

Sasa kuna huyu Msimamizi. Miaka tisa iliyopita aliingia pale hajui pamba wala nailoni, anashika pasi kama anashika nyoka. Ni Bi Kola aliyemsimamisha kando yake na kumfundisha. Siku aliyounguza koti la daktari mkuu wa hospitali, ni Bi Kola aliyejitokeza mbele ya bosi akasema, "Ni mimi," akala maneno makali yote yeye. Enzi hizo ilikuwa dada huku, dada kule, dada nionjeshe chai yako. Siku alipokabidhiwa funguo za ofisi yenye feni, neno dada likapotea mdomoni mwake moja kwa moja. Bi Kola akawa "wewe wa pasi." Watu wa aina hii wapo kila mahali, na mimi sijui huwa wanalala vipi.

Saa hazikuja peke yake. Msimamizi alikuwa amepelekwa kozi ya siku mbili, akarudi na sauti mpya, laini, ya kubembelezea mtoto mchanga. Kila asubuhi saa moja na nusu wafanyakazi wote walikalishwa juu ya mafurushi ya shuka katika chumba cha kukaushia, macho wameyafumba, mashine zinaendelea kunguruma nyuma yao, na kwa dakika tano yeye akawaongoza kupumua.

"Vuta. Moja, mbili, tatu, nne. Shikilia hapo. Haya, toa taratibu. Acheni mawazo yapite."

Mawazo ya Bi Kola hayakupita. Yalikaa, yakanyoosha miguu. Alisikia ile sauti, akalikumbuka koti lililoungua, na damu ikamchemka hadi masikioni.

Mapigo ya siku nzima yaliingia kwenye simu ya Msimamizi, na kila Ijumaa yale ya zile dakika tano yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Chini ya themanini ulipakwa kijani. Ukipita mia moja, nyekundu. Na sharti lilisomwa wazi siku ya kwanza: atakayekuwa mwekundu mwezi mzima ataondolewa kwenye mashine za moto, kwa usalama wake, apelekwe chumba cha kukunjia. Kukunja taulo ni kazi halali, silidharau jasho la mtu. Lakini taulo linakunjwa mara tatu na kuwekwa juu ya jingine, ndiyo habari yote. Kwa Bi Kola ilikuwa sawa na kuambiwa akae kitako angoje kufa.

Wiki ya kwanza alipata mia na tisa. Ya pili, mia na kumi na tano. Alikuwa mwekundu peke yake ubaoni, na Msimamizi akamwambia mbele za watu, "Wewe wa pasi, tatizo lako hutaki kuachilia."

"Kuachilia nini?"

"Vitu vya moyoni."

Bi Kola akarudi kwenye mashine yake. Jioni hiyo alifika nyumbani akagonga sufuria moja baada ya nyingine. Mumewe, fundi bomba mstaafu, mtu wa maneno machache na yote ya utani, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jifanye umesinzia," alimshauri.

"Mimi naweza kujifanya, baba watoto. Moyo haujifanyi."

"Miaka thelathini na moja nimelala pembeni ya huo moyo, sijausikia umetulia hata siku moja. Hao wanautafutia nini ndani ya wiki mbili?"

Alicheka kidogo, kisha akamsogezea kiti, maana alimwona mkewe anavitazama vidole vyake kama mtu anayeaga kitu.

Wiki ya tatu ikaleta jambo ambalo hakulipanga. Mvuke ulikuwa ukiingia chini ya ile kamba ya mpira na kukaa humo humo, na Jumatano asubuhi mkono ulikuwa umetoka malengelenge. Wakati wa kupumua, wote wamefumba macho, aliifungua pingu kimyakimya. Lakini saa ile ikivuliwa ilikuwa inalia, kwa hiyo haraka haraka akaifunga kwenye taulo lililoviringishwa, akalipakata na kuegemea mashine ya kukaushia iliyokuwa ikitetemeka mgongoni mwake. Dakika tano zilipokwisha akaitazama. Hamsini na nane. Maandishi ya kijani yakapita: Hongera, umetulia sana.

Kwanza alidhani anaumwa. Kisha akaona kijitaa kinavyolimulika taulo kwa bidii, mashine nyuma yake inavyolitikisa, akaelewa. Akacheka kwa pua, cheko la kwanza tangu Jumatatu ile.

Tangu hapo taulo likawa linapumua kwa niaba yake. Asubuhi saba za kazi, hamsini na nane, hamsini na sita, sitini. Jina la Bi Kola likatoka kwenye nyekundu, likapanda hadi juu kabisa ya ubao. Angekuwa na akili ya kutosha angetafuta taulo lenye wasiwasi kidogo, lakini hasira ilimpa kiburi, na alitaka ashinde kwa mbali. Msimamizi naye hakushuku, kwa sababu mtu anayejipenda huamini kila sifa inayomjia. Aliandika barua kwa bosi kwamba mfanyakazi mkorofi kuliko wote ametulizwa kwa njia yake. Bosi akajibu kwamba Ijumaa atakuja kujionea mwenyewe. Ililetwa skrini kubwa ikatundikwa ukutani, na Bi Kola akaambiwa atakaa mbele ya wote, mapigo yake yaonekane moja kwa moja.

Alifikiria kusingizia homa. Lakini akikataa, kila mtu atajua. Alikuwa amejipalia makaa mwenyewe, na kwenye makaa hayo akaenda kukaa.

Bosi alikuwa mtu mfupi, mtulivu, aliyeanza maisha kwa kutengeneza boila za mvuke. Hata leo akiingia chumbani alitazama geji za mvuke kwanza, watu baadaye. Msimamizi alimfunga Bi Kola saa kwa mkono wake mwenyewe, akaikaza. Ukutani ikatokea tisini na saba, tarakimu ndefu kama mkono wa mtu.

"Fumbeni macho," akasema kwa ile sauti. "Vuta. Moja, mbili..."

Mia na nne. Mia na kumi na moja. Nyuma, wanawake wa chumba cha kufulia wakaanza kufumbua macho mmoja mmoja. Mia na kumi na nane. Hakukuwa tena na mtu aliyekuwa akivuta pumzi wala kuitoa.

"Tulia basi," Msimamizi alimnong'oneza kwa meno yaliyobanwa.

Mia na ishirini na tatu.

"Huyu ndiye wa hamsini na nane?" bosi akauliza.

"Itakuwa saa mbovu." Msimamizi aliivua, akaifunga mkononi mwake. Sabini na nne, nzima kabisa. Akamgeukia Bi Kola na uso ukambadilika. "Kumbe umekuwa ukituchezea."

"Nimewachezea, ndiyo," Bi Kola akasema. "Aliyekuwa anatulia ni taulo."

Alichukua taulo kwenye rundo, akaliviringisha, akalivisha saa na kulilaza juu ya mashine. Skrini ikapepesa, ikasoma hamsini na saba. Mtu mmoja nyuma akakohoa kuficha kicheko. Bosi hakukasirika. Alilishika lile taulo, akaligeuza, akalitazama kwa heshima kama chombo kipya. Kisha akaomba simu ya Msimamizi, akapekua rekodi za mchana.

"Kwenye mashine ya moto, umesimama, uko themanini na nane. Hapa umekaa, hufanyi kitu, unafika mia na ishirini. Kwa nini?"

Hapo Bi Kola akayatoa yote. "Ni sauti ya huyu, bosi. Siwezi kuivumilia. Nilimshika mkono akiwa hajui kitu. Lile koti la daktari aliliunguza yeye, maneno nikayala mimi. Leo hanisalimii, halafu ananifundisha kupumua. Kupumua, bosi. Mimi namchukia. Sina neno jingine."

Msimamizi alifungua mdomo, bosi akainua kidole.

"Mvishe saa tena. Halafu wewe toka nje kidogo."

Msimamizi akatoka. Skrini ikaanza kushuka: mia na kumi, tisini na tisa, themanini na sita, sabini na tisa. Bosi akamwita. Alipokanyaga tu kizingiti, tisini na mbili. "Sema vuta." Akasema. Mia na kumi na saba. Bosi akamtoa tena, akamrudisha tena, kama fundi anayetafuta bomba linapovujia, na mara zote mbili majibu yakawa yale yale. Sasa wanawake walicheka waziwazi. Msimamizi alisimama mlangoni hajui mikono yake aiweke wapi.

Niseme ukweli: Bi Kola alifurahi. Miaka yote watu walimwambia anakuza mambo, ana kinyongo, ana wivu wa cheo. Leo chuki yake ilikuwa imepimwa na kutundikwa ukutani kwa tarakimu, na hakuna aliyeweza kusema ameitunga. Alikaa wima juu ya furushi lake akimtazama adui yake bila kupepesa.

"Basi tumeuona ugonjwa," bosi akasema. "Nyinyi wawili hamfai kukaa karibu."

Wote wakangoja. Bi Kola naye akangoja, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alithubutu kutumaini mbele za watu.

"Msimamizi ndiye mwenye funguo, na mikataba ya hospitali yote anaijua yeye. Nikimwondoa nasimamisha kiwanda." Akamwekea Bi Kola mkono begani, kwa upole wa kweli, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Wewe Jumatatu uanze kule nyuma, kwenye kukunja. Si adhabu, mama. Ni kwa ajili ya moyo wako."

"Na mashine yangu?"

"Tutapata mtu."

Hakuna aliyemtazama usoni. Wote walikuwa wamegeukia ukutani kuona moyo wake utasemaje.

Chumba cha kukunjia kina madirisha mawili na upepo mzuri. Hakuna mvuke wala kelele, na ile sauti haifiki, maana tangu siku ile watu wa huko waliachwa wapumue wenyewe kwa kengele. Mwezi wa kwanza Bi Kola alikuwa akinyanyuka kila mashati yalipopitishwa uani, akachungulia kola, zimelala zote, akarudi kukaa akitukana chini kwa chini. Mwezi wa pili alichungulia mara mojamoja. Saa yake ilisoma sitini na sita, kisha sitini na nne, bila taulo, bila hila yoyote. Malengelenge yalipona. Mumewe alimwambia siku hizi anakoroma, akadhani anampa habari njema, na mkewe akageukia ukutani.

Mwisho wa mwezi wa tatu Msimamizi aliingia na cheti. Alisimama mbele ya meza, akakisoma kwa ile sauti ya kubembeleza, kuanzia juu mpaka chini: mfanyakazi mtulivu wa kiwanda, kwa bidii yake katika kupumua. Akatabasamu.

"Nilikwambia, wewe wa kukunja. Ukiachilia, moyo unapoa."

Bi Kola alilitafuta jibu, na majibu ya kumkata mtu kama huyu zamani hayakumpiga chenga. Akaingoja ile chuki ije imsaidie, damu ichemke, masikio yapate moto. Akangoja tena. Akaitazama saa. Sitini na nne. Hapo ndipo woga ulipomshika, kwa sababu alikuwa bado anamkumbuka mtu aliyekuwa yeye, aliyesimama mbele ya mashine ya mvuke miaka kumi na tisa, na mtu huyo asingekubali kunyamaza.

Alikipokea cheti. "Ahsante," akasema, na alisikia kabisa kwamba alimaanisha.