Neno la Baba Mwenye Nyumba

Kabla sijahamia Singida mjini, nilikuwa nimeshahamia kichwani. Nikiwa Manyoni, kwenye chumba changu cha kupanga nyuma ya stesheni, nilikuwa nikijilaza mchana wa Jumapili upepo ukigonga bati, na taratibu naanza kupanga vitu kwenye chumba kingine nilichokiona mara moja tu. Kitanda kule pembeni. Cherehani chini ya dirisha, maana dirishani lilionekana ziwa, limepauka kwa chumvi, na ndege wamesimama majini bila haraka yoyote. Nikizinduka nakuta bati ni lile lile na vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria.

Chumba hicho kilikuwa cha mama mmoja muuza vitenge, mtu msafi mpaka unaogopa kukanyaga sakafu yake. Nilikuwa nimepata kazi ya kushona sare za shule jirani na kwake. Nyumba nyingine zote nilizoulizia zilinikataa zikishasikia niliachana na mume na naishi peke yangu. Wenyewe hawasemi hivyo. Wanasema chumba kimeshapata mtu. Huyu mama alisema waziwazi.

"Mimi sina neno na wewe, mwanangu. Ila mwanamke wa peke yake nataka nimsikie kwa aliyekaa naye. Baba mwenye nyumba wako aniambie una tabia gani. Mwisho Ijumaa, kuna mwalimu naye anakitaka."

Nikarudi Manyoni moyo mweupe. Nilidhani hilo ni jambo la dakika mbili.

Baba mwenye nyumba wangu alikuwa mstaafu wa reli aliyefiwa na mkewe. Tuliishi uwanja mmoja, mlango wake ukitazamana na wangu. Alishinda barazani, na treni ikipita alikatisha maneno hata kama alikuwa katikati ya salamu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza shida yangu yote. Alinisikiliza vizuri. Treni ya mizigo ikapita, akasubiri mpaka behewa la mwisho lipotee.

"Mimi si redio," akasema. "Sitangazi watu."

Kesho yake nikamwomba azungumze kwa simu, maneno mawili tu. Akasema simu zinamuumiza sikio. Siku iliyofuata nikampelekea ugali wa uwele na mlenda. Akala wote, akanawa, akaniombea baraka, akafumba macho. Nilikasirika kweli. Nilimwona mchoyo kuliko wachoyo wote, mzee anayebania hata neno.

Siku zile nazikumbuka kama zilipita nyuma ya pazia. Nilishona kanzu ya mteja huku namwona yule mwalimu akining'iniza nguo zake dirishani kwangu, ziwa likiwa nyuma yake. Nilimchukia, na sikuwahi hata kumwona.

Alhamisi alasiri yule mama akapiga simu mwenyewe. Nilikuwa naanua nguo uwanjani, mzee yupo barazani kwake. Sikumwomba tena. Niliweka sauti kubwa, nikamshikishia simu mkononi.

Mama akamsalimia kwa adabu, kisha akauliza, "Mzee, huyu binti ana tabia gani?"

Mzee akatazama upande wa reli. Nilitamani treni ipite.

"Mbaya," akasema.

Chumba, cherehani, ziwa, vyote nikaona vinaondoka.

"Mbaya vipi?"

"Anafunga mlango. Jua likishuka tu, kafunga. Mwaka wa tatu huu."

"Na wageni wake? Wanaume?"

"Wageni gani? Hajawahi kuja mtu hapa. Natoa kiti cha pili hapa nje jioni, nasema labda leo atatoka tupige hata stori. Hatoki. Tangu mke wangu afariki sijasikia mtu akicheka kwenye uwanja huu. Chakula chenyewe kaniletea juzi, alipokuwa na shida."

Kisha yule mama akasema polepole, "Nimekuelewa, baba." Akaniita, akaniambia nije kesho nichukue ufunguo.

Mzee akanirudishia simu bila kunitazama. Mimi nilikuwa nafunga mlango ule kwa kuogopa maneno ya watu. Mwanamke akiachana na mumewe, mlango wake ukikaa wazi wakati wa magharibi, mtaa mzima unajua la kusema. Nililinda jina langu kwa komeo. Kila jioni nilisikia kiti kikiburuzwa nje, nikidhani anaingiza vyake ndani, na nikalala.

Nilifungasha vitu vyangu mlango ukiwa wazi kabisa. Furaha ilikuwepo, siwezi kudanganya, nilishaanza kuhisi ubaridi wa sakafu ile safi miguuni. Lakini kile kiti cha pili hakikunitoka akilini. Nikachemsha chai ya tangawizi, nikatoa vigoda viwili, nikaita, "Baba, karibu chai."

Akajibu kutoka ndani kwamba ameshalala. Jua lilikuwa bado halijazama.