Msuko Mmoja na Karatasi Moja ya Edith

BUKAVU, 2001. Saa moja asubuhi, milango ya mtaa wa Kadutu ndiyo kwanza inafunguliwa, lakini kwa Eulalie, msusi, hakuna tena pa kukaa. Wanawake wamejaa mpaka kizingitini. Anayesukwa ni mmoja tu. Wengine wote wamekuja kumsikiliza Edith.

Edith si mtu wa Bukavu. Ni binti wa muuza vitambaa katika mji mdogo wa Uingereza, enzi za magari ya farasi, ndani ya riwaya ambayo Eulalie huisimulia kwa Kiswahili huku vidole vikisuka. Kiingereza alikiokota Kampala, alikosuka kwa miaka sita. Kwake sura moja ni kichwa kimoja: msuko wa mwisho ukifungwa, hadithi inakatwa, hata umbembeleze vipi.

"Wananitukana," anacheka. "Lakini wanarudi."

Kitabu alikipata bila mwisho. Vita vya kwanza vya Kongo vilipopita, vitabu vilivyoporwa viliishia sokoni, vikachanwa kufungia karanga. Kwa miezi wateja wamekaa roho juu: Edith ataondoka na mwalimu anayempenda, au atabaki na duka na baba mgonjwa? Jana Colombe, muuza karanga, akaja mbio. Karatasi za mwisho zilikuwa chini kabisa ya rundo lake.

"Nilikuwa karibu kufungia nazo," asema Colombe, bado hajatulia. "Mungu iko."

Kitini yupo Mélanie. Mchana ndege ndogo itamchukua uwanja wa Kavumu kumpeleka Shabunda, kwenye machimbo ya msituni, maana barabara imefungwa na vita. Mumewe, Pascal, alikwenda huko kununua dhahabu, na tangu Noeli hajasikika. Mélanie ndiye aliyeshikilia asukwe leo, ausikie mwisho kabla hajapanda.

Eulalie anasoma, anatafsiri, anasuka. Baba anazidiwa. Mwalimu anangoja stesheni. Edith anavaa kofia, kisha anashika funguo za duka. Hata Eulalie mwenyewe hajazisoma karatasi hizi. Aliapa kuusikia mwisho pamoja nao. Imebaki karatasi moja, na msuko mmoja nyuma ya sikio.

"Simama hapo, maman," asema Mélanie.

Kelele zinazuka. Si yeye aliyewaamsha wote alfajiri?

"Muniachie hiyo karatasi moja," anasema polepole. "Na hiyo nywele usiisuke. Kule naenda, sijue kama nitatoka. Nataka nikuwe na kitu kinaniita huku."

Colombe anajipangusa macho kwa kitenge.

Eulalie anaikunja karatasi, anaiweka ndani ya kopo la mafuta ya nywele na kulifunika. Anaogopa Mélanie asirudi, wala hafichi. Mélanie anatoka akiwa amebeba mfuko, shungi moja likimning'inia begani bila kusukwa.

Je, Eulalie hataichungulia ile karatasi?

"Sitachungulia," asema Eulalie, akikung'uta kiti. "Atarudi, atakaa hapa, Papa Pascal atamungojea pale inje. Mimi sijaachaka kichwa ya mutu nusu."