Karani Aliyenusa Maziwa

Mkwe wangu ana mchezo wake wa runinga kila Jumapili jioni, na ukianza hakuna ruhusa ya kupiga soga. Ni wa familia moja ambayo baba yao ana ugonjwa wa akili. Baba huyo akivaa koti la mkewe kwenda sokoni, watu wasioonekana huangua kicheko. Baada ya nusu saa wanawe wanamkumbatia, daktari mwenye meno meupe anatoa neno la hekima, kisha linaingia tangazo la sabuni. Mkwe wangu hufuta machozi. Mimi huomba chai.

Sina ugomvi na kucheka. Sisi pia tulicheka. Kinachonichefua ni wale majirani wa runingani, ambao wanajua tangu mwanzo kwamba mzee anaumwa, na wote wana huruma, hata muuza nyama. Aliyeandika upuuzi huo angekaa nasi Garissa wakati wa vita, angeona jinsi mgonjwa anavyopewa sifa.

Baba alikuwa karani wa serikali. Tulitoka bara, au "Kenya" kama walivyosema wenyeji, maana kwao Kenya ilianzia ng'ambo ya mto Tana. Shifta walikuwa wanapigana ili mkoa ujitenge, na serikali ilikuwa imeamuru kwamba mtu asitoke mjini bila kibali, hata akienda kuzika. Vibali hivyo aliviandika Baba. Alikuwa mtu mpole, mwimbaji wa besi kanisani. Kisha akaanza kusikia watu wakinong'ona nyuma ya ukuta wa jikoni. Walinong'ona kwa Kisomali, lugha asiyoijua, na bado alielewa kila neno.

Mama alitambua mara moja. Babu, baba yake Baba, alimaliza siku zake akigombana na watu ambao hakuna mwingine aliyewaona, na ukoo mzima ulijua. Lakini Baba alikuwa ameanza kuandika taarifa: nani kapita ofisini mara mbili, nani kafunga kilemba kwa namna ya kutilia shaka. Mkubwa wake akamsifu mbele ya makarani wote. Mama alijifunga leso akaenda kumwona huyo mkubwa.

"Bwana, mume wangu anaumwa," alimwambia. "Usiku halali. Anaongea na ukuta."

"Mama," mkubwa akajibu, "makarani wangu wote wangeumwa hivyo, vita hivi vingekuwa vimekwisha."

Mama akarudi nyumbani akanyamaza. Nyumba ilikuwa ya kazi, na sisi watoto tulikuwa sita.

Aliyetuletea maziwa alikuwa mjane wa Kisomali. Tulimwita Eedo, yaani shangazi, kwa sababu ndivyo watoto wa kwao walivyotufundisha. Kila asubuhi alipita kwa askari akionyesha kibali alichoandikiwa na Baba mwenyewe. Maziwa ya mbuzi wake aliyabeba katika chombo cha kusukwa, na chombo cha namna hiyo hufukizwa ndani kwa kijinga cha moto ili maziwa yasiharibike na joto. Kwa hiyo maziwa yake yalinuka moshi. Ya wanawake wote wa huko yalinuka moshi. Hata paka wa Garissa alilijua hilo.

Baba alikuwa ameyanywa kwa miaka miwili. Asubuhi moja aliinua kikombe, akanusa, akakiweka chini. Akanusa tena, macho kafumba. Akasema huo ni moshi wa porini, na anayenuka hivyo amelala kwenye moto wa shifta. Tulicheka hadi tukapaliwa na chai. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa: alipotoka nilikaa kwenye kiti chake nikanusa kikombe, nimekunja pua vilevile, mpaka Mama mwenyewe akashindwa kujizuia.

Siku ya tatu Eedo hakuja. Alikuwa amewekwa kizuizini kwa karatasi iliyosema maziwa yake yananuka kambi ya adui. Mkubwa aliyetia sahihi alikunywa chai ya maziwa hayohayo kila siku saa nne, mezani kwake, vyeti vyake vimetundikwa ukutani. Sijui alidhani moshi wa kwenye kikombe chake ulitoka wapi. Mpumbavu wa kawaida unaweza kumkwepa njiani, lakini mpumbavu mwenye mhuri atakufuata hadi nyumbani.

Wiki tatu zikapita. Hatukucheka tena, ila pia hatukufanya kitu. Tulikunywa chai ya rangi. Siku nyingine Mama alivaa viatu vya kutokea, akaketi kidogo, akavivua.

Kisha, asubuhi moja, alikuta taarifa mpya katika koti la Baba, imeandikwa kwa ule mwandiko wake mzuri. Ilisema kwamba kiongozi wa shifta ni mkubwa wa ofisi, na kwamba huwapa ishara kwa kuvua kofia. Mama aliisoma, akavaa viatu, na safari hii hakuketi. Nilikwenda naye.

Mkubwa alianza kuisoma amesimama. Alipofika mwisho alikuwa amekaa.

"Mama, huyu mtu ni mgonjwa sana," akasema.

Miezi mitatu alikuwa kipofu, na karatasi moja ikamfanya daktari. Papo hapo akaandika barua kwamba Baba apelekwe hospitali Nairobi na msafara wa malori wa kesho yake. Barua ilisema maradhi yameanza leo.

Mama akairudisha mezani. "Yameanza miezi mitatu iliyopita. Nilikuja hapa nikakwambia."

"Tukiandika hivyo, Mama, taarifa zake zote zitakuwa za mgonjwa."

"Ndiyo."

"Kuna watu wamekamatwa kwa taarifa hizo."

"Ndiyo, Bwana. Au basi, asiende. Kesho atakuja kazini kama kawaida, na anazo karatasi nyingine."

Sijawahi kumpenda mama yangu kama nilivyompenda saa ile. Mkubwa aliandika upya, jasho likimtiririka. Eedo aliachiliwa kabla ya alasiri.

Alikuja moja kwa moja kwetu. Mimi, kwa akili zangu za kitoto, nilidhani anakuja kushukuru. Alikuwa amekonda. Mbuzi wake walikuwa wameswagwa siku ileile aliyokamatwa, na hakuna aliyeweza kumwambia walipelekwa wapi. Aliingia chumbani alikokuwa Baba, amekaa kitandani akibishana na ukuta. Kisha akainua mikono, akamsomea dua, akampulizia kichwani kama wanavyofanya kwao kwa mgonjwa. Baba akatulia.

Mama akaanza kumwombea msamaha mumewe. Eedo akamzuia kwa mkono.

"Huyu mgonjwa, Allah atambonya," akasema kwa Kiswahili chake cha Kisomali, kisicho na "p". "Mimi hana maneno na yeye. Lakini wewe mzima. Wiki tatu, ulikuwa wabi?"

Mama, aliyekuwa amemshinda mkubwa wa ofisi asubuhi ileile, aliketi akaanza kuvua viatu.